Noreen Maud Wesley, Aliyewahesabu Samoni wa Mto Nass

Baba Mchungaji, wazee wa koo zote nne, ninyi wa ukoo wa Tai ambao ni upande wa baba yake na kwa hiyo mmechimba kaburi na kulibeba jeneza bila kungoja kuombwa, wakwe zetu wa Kitamaat mliofika na magari saba, majirani, na ninyi wafanyakazi wenzake mliokuja na makoti yenu ya mtoni, mimi ni Agatha Pollard, bibi yake mzaa mama, familia imenipa karatasi hii niisome kwa kuwa mimi ndiye niliyemlea, na nitaisoma polepole, kwa sababu herufi nilijifunzia ukubwani, na kwa sababu kuna mahali mbele huko ambapo naogopa kufika.

Marehemu Noreen Maud Wesley alizaliwa Ijumaa tarehe 3 Mei 1974, saa nne asubuhi, hapa hapa kijijini, ndani ya nyumba yangu ya zamani iliyokuwa ukingoni, si kwa kupenda, bali kwa sababu maji ya theluji yalikuwa yamepanda na daraja letu la kamba za chuma lilikuwa linayumba kiasi kwamba mama yake, binti yangu Lorna, aliweka mguu mmoja juu ya mbao akaurudisha, akasema, "Mama, na tumbo hili sipiti pale, nitazaa katikati ya hewa," basi akazalia jikoni, na sauti ya kwanza aliyoisikia mtoto huyu duniani, kabla ya sauti ya mtu yeyote, ilikuwa ngurumo ya mto chini ya dirisha. Baba yake, marehemu Ernest Wesley wa ukoo wa Tai, alichukuliwa na barafu Alhamisi tarehe 17 Machi 1977 akienda mlangoni mwa mto kuvua wale samaki wadogo wa mafuta, tukampata Mei, na mwaka uliofuata Lorna alishindwa kuukaa mto huu, akahamia Vancouver, akaniachia mtoto wa miaka minne pamoja na sanduku la nguo, na mimi, niliyekuwa nimeshampa mto ule mkwe, nilimfunga Noreen kamba ya kiunoni kila tulipokwenda ukingoni, watu wakanicheka, "Agatha, huyo ni mtoto au mbwa wa kuvuta sleji thelujini?" nikawaambia huyo ni mtoto, ndiyo maana nimemfunga.

Jumatano tarehe 12 Agosti 1981, akiwa na miaka saba, mwaka ambao samoni wenye nundu walijaa kwenye kijito cha nyuma ya kanisa mpaka migongo yao ikawa nje ya maji, nilimkuta Noreen amechuchumaa majini, ameshika kijiti, anamchomeka samaki mgongoni karibu na pezi, anamwachia, anacheka jinsi anavyokwenda na kijiti chake kama mtu aliyebeba bendera ya sherehe, na ndoo ilinidondoka mkononi, kwa sababu ninyi nyote mnaliona kila siku lile eneo la mawe meusi ng'ambo ya mto, kilomita kwa kilomita, pasipoota kitu ila ukungu wa mawe, na mnajua kwamba chini yake wamelala watu wetu zaidi ya elfu mbili, na mnajua tulivyoambiwa na waliotutangulia kwamba ilianza hivihivi, watoto kuwachezea samoni, kuwapasua migongo na kuwachomeka vijiti vya moto ili wawaone waking'aa majini, wazee wakakataza, watoto wakacheka, na ndipo mlima ukaanza kupiga ngoma chini kwa chini, na baada ya ngoma ukaja moto, mawe yaliyoyeyuka yakavifunika vijiji.

Nilimchapa, nakiri, sikuwahi kumchapa kabla ya siku hiyo wala baada yake, nikaingia naye majini mpaka magotini tukamtafuta yule samaki, tukampata, tukamchomoa kijiti, nikamwambia, "Mwombe radhi!" akasema, "Samahani, samaki," nikamwambia, "Samaki gani, huyo ni mkubwa wako, amekuja mpaka hapa kukulisha!" akasema huku meno yanagongana, "Samahani, mkubwa wangu," na kama ningeishia hapo ningekuwa nimefanya kazi ya bibi yeyote, lakini mimi sikuishia hapo, nilimlaza kifudifudi kwenye majani, nikamwambia, "Weka sikio chini, usikilize kama mlima umeanza ngoma, na usinyanyuke mpaka uwe na hakika," nikaingia kwenye banda la moshi kupanga samaki wangu, nikamsahau.

Nilipotoka jua lilikuwa limeshazunguka upande wa pili wa kanisa, na mtoto alikuwa amelala palepale, shavu limejaa alama za majani, akaniuliza bila kunyanyua kichwa, "Bibi, nasikia kitu, lakini sijui kama ni mlima au ni moyo wangu, nitajuaje?" na mimi, badala ya kumnyanyua na kumwambia ni moyo wako huo mama, twende ukale, nilimjibu, "Endelea kusikiliza."

Shule ya msingi aliisoma hapa kijijini kuanzia Septemba 1979, akawa mtoto mpole anayejua hesabu kuliko wenzake wote, ingawa mwaka huo wa 1981 mwalimu aliniita mara mbili kuniambia, "Mama Pollard, mtoto wako analala sakafuni darasani, je, nyumbani halali?" na mimi nikasema nitamfuatilia, nikijua kabisa kwamba halali, anasikiliza. Sekondari aliisoma New Aiyansh, akivuka lile daraja asubuhi na jioni, akiwa ameshika kamba kwa mikono miwili hata alipokuwa binti wa miaka kumi na saba, akamaliza Juni 1992, kisha akasomea kazi ya kuhesabu samaki kwenye chuo cha mjini Terrace kuanzia Septemba 1993 hadi Mei 1994, na aliporudi na cheti chake nilipika supu ya yule mnyama wetu wa porini, mkubwa mwenye pembe kama makafi, nikaita majirani, sikujua ninachokisherehekea.

Aliajiriwa Jumatatu tarehe 6 Juni 1994 kwenye magurudumu ya samaki, yale magurudumu makubwa yanayoelea, ambayo mto wenyewe huyazungusha na vikapu vyake huwachota samoni na kuwamwaga kwenye tanki la maji pembeni wakiwa hai, na jioni ya siku ya kwanza, tukiwa mezani, nilimuuliza, "Haya mfanyakazi, mnawafanya nini hao samaki?" akasema, "Tunampima urefu, tunachukua gamba moja, tunamwekea uzi wa plastiki wenye namba, tunamwachia aende, na wenzetu walio juu mtoni wakimwona tena ndipo tunajua waliopita ni wangapi," nikamuuliza, "Huo uzi mnamwekea wapi?" akaanza kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari, nikasema, "Noreen, wapi?" akasema, "Mgongoni, Bibi, chini ya pezi."

Niliondoka mezani, na sitawaficha, sikusema naye mpaka theluji ya kwanza ilipoanguka, isipokuwa mara moja, alipokuja akasimama mlangoni pa banda la moshi akaniambia, "Bibi, wakubwa wa serikali kule Ottawa wakituuliza samoni wangapi wamepanda mto wenu, sisi tunajibu wengi, au tunajibu wachache, nao wanaandika wanachotaka, na boti za baharini zinavua zinachotaka, mwishowe hawatapanda kabisa, je, hilo si kuwachezea?" nikamwambia, "Wewe usinifundishe, mimi nilikuchomolea kijiti, na sasa unalipwa ukichomeke tena," maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, leo nayasoma kwenye karatasi yanaonekana madogo, lakini nilimwona alivyoinamisha kichwa kutazama ardhi, na nilijua anasikiliza.

Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na tisa, akaanza kibarua, akawa fundi, tangu mwaka 2008 akawa msimamizi wa gurudumu la pili, na wote aliowafundisha, ambao wengi wenu mko hapa, mnajua masharti yake mawili, la kwanza kwamba hakuna kumgusa samaki kwa mkono mkavu, na la pili kwamba samaki akitoka tu majini na wewe unashika pumzi, hupumui mpaka arudi, kwa sababu, alisema, "ukitaka hewa wewe ujue na yeye anaitaka," na Lyle Benbow, dereva wake wa boti, alikuwa akimtania, "Dada, siku moja atakuja samaki mkubwa atatupiga chenga humu dakika tatu nzima, na wewe tutakuzika," naye alikuwa akijibu, "Nizikeni, lakini mwandikeni urefu wake kwanza," na tena, jambo ambalo mimi sikulijua mpaka mwezi huu, kwa kila samaki aliyemwekea uzi alikuwa akiinama na kumwambia kwa lugha yetu, "Samahani, mkubwa wangu, hatukuchezei, tunakuhesabu."

Hatari alizopita kwenye kazi hiyo ni nyingi na mimi nilikuwa nikizisikia zote dukani kabla hajafika nyumbani, kama gogo lililoshuka na mafuriko tarehe 11 Juni 2002 likalikata gurudumu nanga akiwa juu yake, wakamkuta kilomita nne chini amekumbatia nguzo na daftari lake liko mdomoni, au vuli ile ya kuhesabu mizoga kwenye vijito, ambapo kila mzoga ukishahesabiwa hukatwa mkia ili usihesabiwe mara mbili, akainama kukata mkia akakuta upande wa pili wa mzoga umeshikwa na dubu, wakatazamana, akasema, "Chukua, nimeshaandika," akarudi kinyumenyume mpaka kwenye boti, akanisimulia hayo anacheka, nami sikucheka, nilikuwa nahesabu kwa vidole ni mara ngapi mto huu umenyoosha mkono kumtaka.

Alifunga ndoa katika kanisa hili Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2000 na Bwana Darcy Grant wa Kitamaat, fundi wa mashine za boti, mtu mwema aliyekubali kuhamia kwa mkewe, na wiki ya kwanza alikuja kwangu anajikuna kichwa, akaniambia, "Bibi, nimeoa mwanamke anayelala chini kama mkeka, namtandikia kitanda, namkuta sakafuni sikio limebanwa kwenye mbao, nimuulize nini?" nikamwambia, "Usimuulize, mfunike blanketi," kwa sababu niliona aibu kusema nani alimfundisha. Mungu aliwajalia watoto wawili, Tessa aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 2001, na Byron aliyezaliwa tarehe 22 Februari 2005, wote wako hapa mbele, na nataka ijulikane kwamba mama yao hakuwahi kuwalaza kifudifudi kuwasikilizisha chochote, mara moja tu nilianza kuwasimulia watoto habari ya mlima, akanishika mkono akasema, "Wasimulie, Bibi, ni yao pia, lakini ukimaliza wabebe."

Jumanne tarehe 18 Julai 2017, katikati kabisa ya msimu wa samoni wekundu, gurudumu lake lilizunguka kutoka asubuhi mpaka jioni likachota maji, likamwaga maji, hakuna samaki hata mmoja, na alifika nyumbani kwangu na suruali zake za mpira bado mwilini, akapita bila salamu, akalala chini jikoni, akasema, "Bibi, nimeandika sifuri, miaka ishirini na tatu sijawahi kuandika sifuri mwezi wa saba," nami nilikaa kwenye kiti nikitazama mgongo wake, nikataka kumwambia ni bahari kupata joto, ni boti za mbali, ni yale mliyosema nyinyi wenye vyeti, lakini nilichomuuliza kilikuwa, "Unasikia kitu?" akasema, "Sijui, sijawahi kujua," na samaki walianza kupita siku ya tatu, wachache, wembamba.

Ugonjwa ulianza na kikohozi kikavu mwishoni mwa mwaka 2021, akakificha kwa kufunga skafu, mpaka siku moja akashindwa kushika pumzi hata kwa muda wa kuweka uzi mmoja, akampa mwenzake samaki, akakaa chini, na tarehe 11 Februari 2022 madaktari wa Vancouver walituambia kwamba mapafu yake yanakakamaa taratibu kama ngozi iliyoachwa juani, hawajui kwa nini, hakuna mkosaji, walisema hivyo kabisa, hakuna mkosaji. Lakini hapa kijijini mkosaji alipatikana upesi, na nasema hili mbele yenu bila kutaja jina la mtu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na wazo hilohilo nikaliacha lilale nami, nilikuwa nyuma ya rafu ya unga dukani nikasikia sauti inasema, "Kawakatia samaki pumzi miaka yote hiyo, sasa na yake inakatwa," na nyingine ikasema, "Na mgongoni, dada, mgongoni kabisa, palepale," nikaweka unga chini nikatoka, sikuwajibu, na kutowajibu kwangu ndiko kulikonitesa kuliko maneno yao.

Alilazwa katika hospitali ya Terrace Jumatatu tarehe 28 Agosti mwaka huu 2023, na Jumapili iliyofuata, nilipokuwa namchana nywele, alivua ile mipira ya hewa puani ili nimsikie vizuri, akaniuliza jambo ambalo nilikuwa nimelisubiri kwa miaka arobaini na miwili, "Bibi, ni kwa sababu ya kijiti?" nikamwambia, "Rudisha hewa yako puani," akasema, "Kama ni mimi peke yangu, sawa, lakini kama mlima utawachukua Tessa na Byron, na wewe, na kanisa, na Lyle, basi mwambie mtu, watu wahame," na nilimtazama macho nikaona ni yule mtoto wa kwenye majani, hajanyanyuka bado, nilimlaza pale na hakuna aliyemnyanyua, na atakufa amelala pale.

Jumatano tarehe 6 Septemba nilikuwa nimerudi kijijini kuchukua nguo safi, ndipo Lyle akapiga simu kutoka kwenye gurudumu akasema, "Bibi Agatha, vaa koti uje sasa hivi, kuna kichwachuma hapa ana uzi wa Noreen, tumemweka kwenye tanki, siwezi kumshika zaidi ya nusu saa," na niwakumbushe wale ambao si watu wa mtoni kwamba kichwachuma si kama samoni wengine wanaokufa wakishataga, yeye baadhi yao hurudi baharini, na wachache mno huonekana tena. Sikuwa nimekanyaga gurudumu lile tangu lijengwe, wala kuupanda mto kwa boti tangu 1977, na Lyle aliponifuata ukingoni aliniona nimesimama na kamba ya kuanikia nguo mkononi, akasema, "Hiyo ya nini, Bibi?" nikasema, "Nifunge kiunoni," hakucheka, akanifunga, ncha nyingine akajifunga yeye, na nilifumba macho njia nzima, nikisikia maji yanagonga chini ya miguu yangu kama mtu anayebisha hodi.

Nilimwona, alikuwa mrefu kama mkono wangu wote, mgongoni ana ule uzi wa rangi ya chungwa, umeota ukijani wa mtoni, na mahali unapoingia nyama ilikuwa imefunga, imebaki kovu jeupe, na Lyle alinisomea namba, 20877, kisha akafungua daftari la zamani, mwandiko wa Noreen, tarehe 19 Agosti 2021, 20877, jike, sentimita sabini na nne, ameachiwa akiwa na nguvu, na pembeni ameandika neno dogo, samahani, nikamuuliza Lyle, "Hili ni la nini?" akasema, "Bibi, hujui? Aliwaomba radhi wote, kila mmoja, miaka yote, sisi tulidhani wewe ndiye uliyemfundisha," kisha akalowesha mikono yake, akashika pumzi, nami nikashika yangu, tukamrudisha mtoni.

Alhamisi barabara ilifungwa na mvua, nilifika hospitalini Ijumaa tarehe 8 Septemba saa sita mchana, nikamkuta anapumua kwa juujuu, nikamwinamia nikamweleza yote, kamba, boti, namba, kovu lililofunga, nikamwambia, "Amekwenda baharini na uzi wako na amerudi nao, mama, angekuwa amekasirika angerudi?" akatabasamu, na kwa dakika moja nilidhani nimemnyanyua, halafu akasema, neno moja kila pumzi, "Bibi, mmoja si hesabu," nikasema, "Mmoja ni mmoja," akasema, "Niliweka elfu sitini na mbili, mia nne na kumi na tatu, wengine je?" maana ndivyo alivyokuwa, hakuwahi kuandika alichokitaka, aliandika alichokiona.

Kisha akanyoosha kidole sakafuni akasema, "Nisikilizie," na mimi, mwenye miaka themanini na saba, nilishuka kwa kushika chuma cha kitanda, goti moja, goti la pili, nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya hospitali, nikaweka sikio, na muuguzi aliingia akapiga kelele, "Mama, umeanguka!" nikamwambia, "Sijaanguka, mwanangu, nyamaza kidogo, nasikiliza," naye akanyamaza, Mungu ambariki, akasimama na trei yake, na Noreen akauliza kutoka juu, "Kuna nini?"

Hapa ndipo nilipoogopa kufika. Ndugu zangu, nilisikia kitu, kilikuwa chini kabisa, kizito, kinakwenda kwa mpigo, huenda ni mashine za kupashia joto ambazo Darcy anasema zipo chini ya wodi ile, huenda ni moyo wangu wa kizee uliochoshwa na kushuka, mimi sijui, sasa najua jinsi ilivyo kutojua, lakini nilisema kwa sauti kubwa ili asikie vizuri, "Kimya, Noreen, kimya kabisa, nina hakika, nyanyuka sasa mama, twende ukale," na yule muuguzi na Darcy walininyanyua, nikamkuta amegeuka chali, mikono imefunguka, na tangu utoto wake sikuwahi kumwona amelala chali, akalala hivyo, hakuamka kuongea tena, akafariki Jumamosi tarehe 9 Septemba 2023 saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, miezi minne na siku sita, mumewe, wanawe na mimi tukiwepo.

Kwa hiyo, yeyote aliyesema maneno nyuma ya rafu ya unga, na yeyote aliyeyafikiri bila kuyasema kama mimi, ninawaomba myaondoe juu yake leo kabla udongo haujamfunika, kwa sababu kijiti kile kilichomolewa na radhi iliombwa siku ileile, na baadaye ikaombwa mara elfu sitini na mbili, mia nne na kumi na tatu, na kama kuna hofu iliyobaki katika jambo hili basi si ya Noreen, ilikuwa yangu tangu mwanzo, nilimbebesha mtoto wa miaka saba, naye akaibeba mpaka pumzi yake ya mwisho bila kunirudishia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Vancouver na Terrace, na kwa namna ya pekee yule muuguzi wa trei ambaye jina lake sikuliuliza kwa kuchanganyikiwa, majirani mliotuletea samaki mkavu, mwani na mikate ya kukaanga kila siku tangu Agosti, bendi ya kanisa, ukoo wa Tai kwa kazi yote ya mikono mliyoifanya na ambayo sisi wa ukoo wa Mbwamwitu tutaijibu kwenye karamu jioni hii, na tena mwakani tutakapomsimamishia jiwe lake, wafanyakazi wenzake wa magurudumu yote mawili ambao mliyasimamisha yasizunguke leo ili samaki wapite bila kuhesabiwa, na Lyle Benbow kwa kamba ile, ambayo sijairudisha kwenye nguo.

Noreen, mjukuu wangu, mama yangu mpenzi, nyanyuka kwenye majani, jua limeshazunguka kanisa. Lala kwa amani sasa, na ulale chali, kusikiliza niachie mimi.